Andika na Kilo Zako Pembeni ya PSA

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya wanaume wa kikundi chetu cha VICOBA, Makole, jijini Dodoma. Baadhi yao waliniomba niyaandike ili wawapelekee wenzao ambao hawakufika. Nimeyaweka karibu kama nilivyoyatamka.

Mbukwenyi!

Baba zangu, shikamooni. Kaka zangu na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Najua wengi mlitarajia daktari, tena mwanaume. Mmeletewa mwanamke wa maabara. Nipokeeni kama binti yenu, maana nitataja sehemu za mwili ambazo binti hazitaji mbele ya baba zake, na sitazitaja kwa kukosa adabu.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni kupokea tyubu za damu, kuziingiza kwenye mashine na kusoma namba inayotoka. Mgonjwa mwenyewe simwoni. Naona jina lake, umri, jinsia, na kipimo alichoandikiwa. Kwenye fomu zote nilizowahi kushika, hakuna mahali palipoandikwa huyu mtu ana kilo ngapi. Nimekuja hapa kwa sababu ya hizo kilo.

Mwaka 2012 baba yangu alikuwa na miaka 61. Alikuwa mnunuzi wa mahindi Kibaigwa, mtu wa urefu wa kawaida, sentimita 172, na uzito wake ulikuwa kilo 118. Mnaijua miili ya namna ile. Akipanda daladala konda anawapanga upya abiria. Mama alijivunia ule mwili, alisema ndio ushahidi kwamba mumewe anapikiwa. Mwaka huo baba alianza kuamka usiku kwenda kujisaidia haja ndogo, mara tatu, mara nne, na mkojo ukawa unakatika njiani. Nilimbembeleza aende hospitali. Alikubali kila kitu isipokuwa kidole, yaani daktari kuipapasa tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kidole alikataa kabisa, na mimi mwanawe wa kike ningemlazimishaje? Nikamwambia basi tutoe damu tupime PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Akanyoosha mkono.

Sampuli yake niliipima mwenyewe. Mashine ikatoa 3.4. Pembeni ya namba, kwenye karatasi ya majibu, palikuwa na maandishi yaliyochapwa: kawaida ni 0 hadi 4. Nilimpigia simu nikiwa bado nimevaa glovu. Nikamwambia, "Baba, uko salama." Jioni ile alinunulia majirani soda.

Mwaka 2015 alianza kuumwa mgongo. Tukafikiri ni magunia ya mahindi, maana hata akiwa tajiri hakuacha kubeba. Tulimpaka dawa za kuchua miezi mitano. Alipopimwa tena PSA ilikuwa 96, na saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alitibiwa, akaishi miaka mitatu, akafa. Sisimulii haya ili mnionee huruma. Nasimulia kwa sababu ile 3.4 niliyoisoma mwaka 2012 ilikuwa sahihi kabisa, mashine haikukosea hata kidogo, na bado mimi niliisoma vibaya.

Sasa nifuateni taratibu, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Tezi dume ni tezi ndogo, kwa kijana inalingana na tunda dogo la ndimu, inakaa chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Inatengeneza majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Ndani ya majimaji hayo kuna protini ambayo kazi yake ni kuyalegeza manii ili mbegu ziogelee. Protini hiyo ndiyo PSA. Kidogo sana huvuja na kuingia kwenye damu. Tezi ikiwa na saratani, au ikivimba, au ikiwa kubwa kwa uzee, huvuja zaidi. Ndiyo maana tunaitafuta kwenye damu. Tunaipima kwa nanogramu, na nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Majibu yakisema 3.4 maana yake ni kwamba katika kila mililita moja ya sampuli kuna nanogramu 3.4.

Hilo neno "katika kila mililita" ndilo nililolipita mwaka 2012 bila kusimama.

Mama zetu na wake zetu hapa Ugogo wanapika mlenda. Chukua chumvi kiganja kimoja, utie kwenye chungu cha nyumbani cha kula watu sita. Chukua tena kiganja kilekile, utie kwenye sufuria la msibani. Mwonjaji anakuja na kijiko, anachota kidogo, anaonja. Chungu cha nyumbani atasema chumvi imekolea. Sufuria la msibani atasema mmesahau chumvi. Kumbe chumvi ni ileile, kiganja kwa kiganja, ila maji yamezidi. Ulimi wa mwonjaji haujui ukubwa wa sufuria. Mashine yangu nayo haijui. Inaonja kijiko.

Na mwili mkubwa ni sufuria kubwa. Mtu akinenepa, damu yake nayo inaongezeka, hasa yale majimaji ya damu tunayoyaita plazma, kwa sababu kuna nyama na mafuta zaidi ya kulishwa. Tezi dume yake haiongezi PSA kwa sababu tu yeye amenenepa. Kwa hiyo protini ileile inaenea kwenye maji mengi zaidi, na namba inashuka. Inashuka bila tezi kuwa nzima zaidi.

Hili halikutoka kichwani mwangu. Mwaka 2005 watafiti wa San Antonio, Marekani, walitangaza matokeo ya wanaume 2,779 ambao hawakuwa na saratani ya tezi dume. Wenye uzito wa kawaida walikuwa na wastani wa PSA 1.01. Kadiri unene ulivyopanda, wastani ulishuka ngazi kwa ngazi, hadi kwa wale wanene zaidi ukawa 0.69. Hapo watu walijiuliza kwa nini. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Lionel Bañez wa Chuo Kikuu cha Duke likaja na jibu la sufuria. Walichukua kumbukumbu za wanaume 13,634 waliopasuliwa kuondolewa tezi dume kati ya 1988 na 2006. Waliokuwa wanene sana walikuwa na plazma nyingi kuliko wenye uzito wa kawaida kwa asilimia 21 hadi 23, na PSA yao kwa kila mililita ilikuwa chini kwa asilimia 11 hadi 21. Lakini walipokokotoa PSA yote iliyomo mwilini, chumvi yote ya sufuria, haikushuka pamoja na namba.

Niliisoma kazi hiyo mwaka 2016, baba akiwa mgonjwa chumba cha pili. Ilikuwa imeshatoka miaka mitano kabla sijampigia simu ile.

Nilichukua daftari. Wale watafiti walikadiria plazma kutokana na uzito na urefu wa mtu, na kanuni yao mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuifuata. Nikaweka kilo 118 na sentimita 172 za baba. Plazma ikaja lita 3.8. Zidisha kwa 3.4, unapata mikrogramu 13 hivi za PSA katika damu yake yote, na mikrogramu moja ni nanogramu elfu moja. Kisha nikamwaza mtu mwingine, urefu uleule wa baba, lakini kilo 66. Huyo plazma yake ni karibu lita 3. Mpe mikrogramu zilezile 13 za baba. Mashine ingesoma 4.4.

Nne nukta nne. Karatasi ingechapwa alama ya juu ya kawaida, mimi nisingepiga simu ya furaha, na baba angepelekwa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo mwaka uleule. Siwezi kuapa kwamba angepona. Inawezekana ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Haya pia ni makadirio, miili haifanani kama matofali. Lakini kati ya kuitwa salama na kuitwa urudi, tofauti ya baba yangu ilikuwa kitambi.

Kuna mtego wa pili, na huu naona unawahusu zaidi nyinyi wa hapa mjini. Madaktari wazuri hawaangalii namba moja tu, wanalinganisha ya mwaka huu na ya miaka iliyopita. Ni jambo jema. Sasa chukua mtu aliyehamia Dodoma akiwa na kilo 80. Akapima, PSA 2.8. Akapata ofisi Mtumba, gari mlangoni, vikao vya chai na sambusa, kila Jumamosi nyama choma mnadani Msalato. Baada ya miaka minne ana kilo 105. Anapima, PSA 2.8. Anaambiwa haijabadilika, nenda nyumbani. Kwa hesabu ileile ya plazma, PSA iliyomo mwilini mwake imepanda kwa asilimia 12 hivi. Imepanda na imejificha nyuma ya kilo 25 mpya. Usipoandika uzito siku ulipopima, hakuna anayeweza kuliona hilo, hata daktari mwenye jicho kali namna gani.

Na kinyume chake kipo. Mtu aliyekuwa mnene akaamua kukaza mkanda, akatembea, akapungua, namba yake inaweza kupanda kidogo kwa sababu tu maji yamepungua kwenye sufuria. Asiogope na asiache kutembea. Amwonyeshe daktari kilo zake za zamani na za sasa.

Maji siyo yote. Mafuta ya tumboni hayakai bure kama mzigo ulioegeshwa. Yana kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa homoni ya kike, kwa hiyo wanaume wanene sana mara nyingi huwa na homoni ya kiume iliyopungua. Na tezi dume hutengeneza PSA kwa amri ya homoni ya kiume. Hapo namba inasukumwa chini kwa mkono wa pili. Halafu njoo kwa daktari: kidole chake kikijaribu kuifikia tezi kwa mtu mwenye makalio na tumbo kubwa, kinaifikia kwa shida. Na wanene mara nyingi wana tezi kubwa zaidi, kwa hiyo sindano ya kuchukua kinyama inaweza kupita kwenye nyama nzima na kuacha ile yenye ugonjwa. Damu, kidole, sindano, vyote vitatu vinapungukiwa nguvu kwa mtu yuleyule.

Na mtu huyohuyo ndiye ambaye ugonjwa ukimpata humwelemea zaidi. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani zaidi ya laki tisa, wanaume na wanawake, kwa miaka 16. Kwa wanaume ambao kipimo chao cha unene kilikuwa kati ya 35 na 40, vifo vya saratani ya tezi dume vilikuwa zaidi kwa asilimia 34 kuliko kwa wenye uzito wa kawaida. Mwaka 2014 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulipitia ushahidi uliokuwepo na kusema unene unaelekea kuongeza hatari ya saratani ya tezi dume iliyokomaa, ile inayosambaa. Sehemu ya sababu iko kwenye mwili wenyewe, insulini na mambo ya namna hiyo. Sehemu nyingine, kwa imani yangu baada ya miaka yote hii kwenye mashine, ni kwamba tunawagundua wakiwa wamechelewa.

Hicho kipimo cha unene ni rahisi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mtu wa kilo 90 mwenye mita 1.70: 90 kwa 1.70 ni karibu 53, gawanya tena unapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kuhofiwa kiafya, na 35 kwenda juu ndiko ile mililita inakodanganya zaidi. Baba alikuwa na karibu 40.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nimekuja kuwasema vitambi. Najua vilikotoka. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoikausha Ugogo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka na mvua nayo ikagoma. Alitusimulia watu waliokufa njiani wakitafuta chakula. Katika nchi iliyopita pale, mwanaume mwenye mwili ni mwanaume ambaye njaa haikumshinda. Tukimsifu kwamba amenawiri tunamaanisha familia yake itaishi. Baba alilelewa kwenye sifa hiyo na mimi nililelewa kwenye tumbo hilo, nikilalia. Siwezi kulitukana. Ninachosema ni kwamba mwili ule uliobeba heshima ulibeba pia lita moja hivi ya maji ya ziada kwenye damu, na mimi mtoto wake, msomi wa maabara, sikulihesabu.

Sasa, kwa wale wembamba walioanza kutabasamu pale nyuma. Nne siyo mstari wa Mungu. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya wanaume 2,950 ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4, na kidole hakikuwa kimeona kitu. Walichukuliwa kinyama wote. 449 kati yao walikutwa na saratani, yaani asilimia 15. Hata waliokuwa na nusu nanogramu au chini walikuwemo. Kwa hiyo namba ndogo haimpi yeyote cheti, mnene wala mwembamba. Na namba kubwa siyo hukumu. Tezi inayokua kwa uzee inaipandisha. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaipandisha sana, na ukitibiwa inafaa kusubiri wiki sita hivi kabla ya kupima. Mpira wa mkojo unaipandisha. Siku mbili kabla ya kupima pumzika tendo la ndoa, na wale mnaokuja na baiskeli kutoka vijijini, iacheni nyumbani siku hizo mbili. Kuna dawa za kupunguza tezi, finasteride na ndugu yake dutasteride, ambazo baada ya miezi sita hadi mwaka zinaikata PSA nusu. Ukizimeza lazima useme, la sivyo 3 yako ni 6 na hakuna ajuaye.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini basi mashine isipangwe ipige hesabu ya uzito yenyewe? Hakuna kanuni moja ya kusahihisha PSA kwa kilo ambayo madaktari wameikubali kuitumia kila siku, na mimi sitawapa ya kwangu mkajihukumu nayo nyumbani. Ile hesabu ya baba nimewaonyesha ili mwone sufuria. Anayeamua ni daktari, akiwa na mambo yote mezani: umri, ukoo, kidole, namba za nyuma, dalili. Ninachodai ni kwamba kilo ziwe mezani pia, kwa sababu zisipokuwepo anaamua akiwa amefumbwa jicho moja.

Kuhusu umri nitapita haraka. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mazungumzo na daktari kuhusu kipimo hiki yaanze kwenye miaka 50, lakini kwa wanaume weusi, au wenye baba au kaka aliyepata ugonjwa kabla ya miaka 65, yaanze kwenye 45. Huko kwao mwanaume mweusi ana uwezekano wa takriban mara mbili ya mweupe wa kufa kwa saratani hii. Nimesema mazungumzo, sikusema lazima. Kipimo hiki kina upande wake mgumu, kinaweza kufukua saratani ndogo iliyolala ambayo isingekusumbua maisha yako yote, na tiba yake ikakuachia mkojo usioshikika au kushindwa tendo. Kwa mzee wa miaka 75 asiye na dalili, daktari anaweza kumshauri aiache. Mwulizeni. Ila mwenye dalili, mkojo kukatika, damu kwenye mkojo, mgongo au nyonga kuuma bila sababu, huyo haongelei uchunguzi wa hiari, aende.

Na kidole. Naomba baba zangu mnivumilie. Kile ni dakika moja, na daktari amevaa glovu, na amefanya hivyo kwa wanaume mamia. Baba yangu aliogopa aibu ya dakika moja. Miaka mitatu ya mwisho nilimwogesha mimi, mwanawe wa kike, kila sehemu, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa na mama alikuwa hana nguvu za kumgeuza. Hakuwa na aibu tena. Tuliongea mahindi na mvua nikimwogesha. Lakini mara moja alinishika mkono akaniuliza, "Hivi kile kidole kingeona?" Nilimwambia sijui, baba. Na kweli sijui.

Maombi yangu kwenu ni machache.

Ukienda kupima PSA, iwe ni hospitali ya mkoa, iwe Benjamin Mkapa, iwe zahanati binafsi ya mtaani, panda kwanza kwenye mizani. Siku hiyohiyo, kabla ya sindano. Mizani isipokuwepo, wapo vijana pale stendi wenye mashine zile zinazoimba pima uzito, pima urefu, zitakutosha. Mwombe anayekuchoma akuandikie kilo na urefu juu ya fomu, kwa kalamu, hata kama hakuna kisanduku chake. Akikuuliza za nini, mwambie umetumwa na maabara. Majibu yakitoka, usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba ni ya kawaida. Omba namba. Iandike nyumbani kwenye daftari, tarehe, kilo, PSA, na dawa unazotumia. Mstari mmoja kila ukipima. Daftari hilo ukimpa daktari atakuwa ameona miaka kumi ya mwili wako kwa dakika mbili.

Na kama kipimo chako cha unene ni 35 au zaidi na PSA yako inakaribia ule mstari, 2.5, 3, 3.5, usinunulie watu soda. Mwulize daktari maneno haya haya: je, kwa uzito wangu, namba hii bado inakutosha? Akisema inatosha akakueleza kwa nini, sawa. Swali litakuwa limeulizwa.

Mke wako ajue daftari lilipo. Na mabinti zenu, waambieni. Wapo wengi kama mimi wanaofanya kazi hospitalini, wanaosoma namba za baba zao wakiwa na haraka ya kufurahi.

Mashine sikuja nayo, ila nimekuja na mizani, iko pale mlangoni chini ya dirisha, na rula ya urefu nimeigundisha ukutani. Kadi hizi nimezikata mwenyewe, zina mistari minne: tarehe, kilo, urefu, PSA. Mstari wa nne leo uacheni wazi. Mzee mwenye kofia, baba yangu, naomba uanze wewe, na viatu vivue.